Maswali ya Wasomaji: Mshahara ni Haki, Zawadi ni Hiari

Katika toleo lililopita tulichapisha simulizi fupi ya maisha ya Andrew Carnegie, mwenye viwanda vya chuma wa Marekani aliyetangaza kwamba mtu anayekufa akiwa tajiri anakufa katika aibu. Barua zilizotufikia hapa Lubumbashi, Kongo, ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na baadhi zimeandikwa kwa uchungu. Nimechagua tano.

*Mwalimu, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi, naishi Kasapa. Wanaotuhubiria mafanikio kila siku wanamtaja Carnegie na kusema kwamba alianza bila chochote, na kwamba kinachotutenga sisi na utajiri ni uvivu wetu. Ni kweli? — Mwanafunzi, Kasapa*

Ndugu mwanafunzi, alianza katika umaskini wa kweli, hilo halina ubishi. Alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline huko Scotland, na baba yake alikuwa mfumaji wa vitambaa kwa mkono, kazi iliyokufa mashine za mvuke zilipoingia. Mwaka 1848 familia ilikopa nauli, ikavuka bahari na kwenda kuishi Allegheny, jirani na Pittsburgh, na huko mtoto huyo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 13, akaingia katika kiwanda cha pamba kubadilisha vibiringo vya nyuzi kwa ujira wa dola 1 na senti 20 kwa juma. Baadaye akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu, akajifunza kutambua ujumbe kwa kusikiliza tu milio ya mtambo, jambo ambalo wachache waliliweza wakati ule. Bidii hiyo ni yake, na hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini maneno “bila chochote” siwezi kuyakubali. Familia ilipofika Pittsburgh iliwakuta ndugu waliotangulia, wakapewa pa kulala. Thomas Scott, mkubwa katika kampuni ya reli ya Pennsylvania, alimchukua mwaka 1853, akamfundisha kazi na kumfungulia njia ya kupata hisa zake za kwanza. Tena alizaliwa wakati ambapo nchi nzima ilikuwa inataka reli na madaraja, na ushuru wa forodha ulikuwa unawakinga wenye viwanda vya chuma wa Marekani dhidi ya chuma cha Uingereza. Kijana mwenye bidii ile ile aliyezaliwa mahali pengine angekufa tarishi, na huo usingekuwa uvivu.

Yeye mwenyewe alikumbuka deni moja kuliko mengine yote. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa James Anderson, mwenye vitabu vipatavyo 400, ambaye kila Jumamosi aliwafungulia mlango vijana wafanyakazi ili kila mmoja aazime kitabu na kukirudisha juma linalofuata. Baadaye wasimamizi wa maktaba hiyo walipotaka vijana wasio wanagenzi walipe dola 2 kwa mwaka, Carnegie aliandika barua gazetini kupinga, na akashinda. Ukiniuliza utajiri wake wa baadaye ulielekea wapi, nitakuambia ulielekea nyuma, kwenye ile Jumamosi. Wanaokuhubiria wanasahau kumtaja mzee Anderson, na mimi naona yeye ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu wengi wetu hatutakuwa na viwanda kamwe, ila vitabu 400, au hata 40, vinawezekana.

*Mwalimu, nauza vitenge katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nimesoma kwamba tajiri huyo alisema mayai yote yawekwe katika kapu moja. Sisi tunafundishwa kinyume. Nimfuate nani? — Mama wa vitenge*

Mama, alisema hivyo mwaka 1885 mbele ya wanafunzi wa chuo cha biashara huko Pittsburgh, na aliongeza kwamba ukishayaweka humo, ulilinde kapu lako. Wahenga wetu walishamtangulia: mshika mbili moja humponyoka. Shauri hilo lina maana kwa mtu anayeijua kazi moja mpaka mifupani na ambaye hasara moja haitamlaza na njaa. Mama mwenye watoto shuleni, katika mji ambao bei ya dola hupanda kati ya asubuhi na jioni, hatendi kosa akiweka mafungu ya mkaa kando ya vitenge. Katika hotuba ile ile kuna onyo ambalo ningependa ulishike zaidi: jihadhari kumdhamini mtu mwingine kwa deni ambalo wewe mwenyewe huna uwezo wa kulilipa. Likirimba nyingi sokoni, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, zimevunjika kwa njia hiyo hiyo.

*Mwalimu, baba yangu alifanya kazi mgodini miaka 31. Nilipomsomea makala yenu, alinyamaza, halafu akauliza: “Na wale waliokuwa wanakiyeyusha hicho chuma, walipata nini?” Nami nauliza hivyo hivyo. Mnawezaje kumsifu mtu ambaye wafanyakazi wake walipigwa risasi? — Binti wa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines*

Dada, mpe mzee shikamoo yangu, na umwambie kwamba swali lake ndilo ambalo makala yetu ilipaswa kuanza nalo. Nitajibu kwa urefu.

Mwaka 1886 Carnegie aliandika maneno mazuri kuhusu haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao, na akasema si haki kumchukulia jirani kazi yake wakati amegoma. Miaka 6 baadaye, mwaka 1892, mkataba wa mishahara katika kiwanda chake cha Homestead ulikuwa unakaribia kwisha. Yeye alikwenda zake Scotland na kumwachia mambo yote mshirika wake Henry Clay Frick, ambaye msimamo wake juu ya vyama vya wafanyakazi alikuwa anaujua vizuri. Frick alizungushia kiwanda uzio, akafunga milango, na tarehe 6 Julai akaleta kwa mto, ndani ya matishari mawili, walinzi wa kukodiwa wapatao 300 wa kampuni ya Pinkerton. Mapigano yalidumu tangu alfajiri hadi alasiri, na watu waliuawa pande zote mbili. Kisha wakaja askari wa jimbo, wakaja wafanyakazi wapya, chama kikavunjika, na mishahara ikashuka. Mwaka 1898 mji huo huo wa Homestead ulipata zawadi kutoka kwa Carnegie: maktaba nzuri, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Wanaume wa pale walikuwa wanafanya kazi saa 12 kwa siku. Mtu aliyesimama saa 12 mbele ya tanuri la chuma anafika kwake, ananawa uso, anakula, analala, na hicho kitabu atakisoma saa ngapi?

Hapa Lubumbashi hatuna haja ya kusafiri mpaka Pennsylvania ili tuelewe. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilitoka katika tanuri la mji huu mwaka 1911. Baada ya muda kampuni iliona kwamba inafaa zaidi mfanyakazi akae na mke wake na watoto wake, ikajenga kambi, ikagawa posho, ikafungua shule na zahanati. Wazee wetu wengi walizaliwa katika hospitali hizo, wakajifunza kusoma katika shule hizo, na walipoiita kampuni baba na mama hawakuwa wanatania. Lakini Desemba 1941, bei za vitu zilipopanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi hao hao walipogoma na kudai nyongeza ya mshahara, walikusanyika katika uwanja wa mpira wa mji, na tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi wakaua makumi. Kampuni na serikali ya kikoloni waliona vyema kumpa mtu kitanda cha hospitali, ila aliposimama na kusema bei ya jasho lake mwenyewe, hilo hawakulivumilia.

Carnegie alikuwa na jibu, na ni haki tulisikie. Katika insha yake ya mwaka 1889 kuhusu utajiri, alisema fedha zikigawanywa kidogo kidogo kwa watu wengi, sehemu kubwa itapotelea katika kuridhisha matamanio, bali zikikusanyika mikononi mwa mtu mmoja mwenye akili ya kuzisimamia, zitajenga chuo kikuu, maktaba, hospitali au bustani ya umma ambayo itamfaa kila mmoja na watoto wake. Tajiri, kwa maoni yake, ni mlinzi wa amana ya jamii.

Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara inanichoma mahali pamoja. Hayo anayoyaita matamanio ni nini hasa? Katika nyumba ya mfanyakazi wa Homestead au wa kambi ya Lubumbashi, nyongeza ndogo ya mshahara ni nyama Jumapili, ni viatu vya mtoto, ni bati jipya kabla ya mvua ya Novemba. Mama anayenunua uji kwa mtoto wake mgonjwa hajapoteza fedha. Na mlinzi wa amana anachaguliwa na mwenye mali, ndugu zangu. Wafanyakazi wa Homestead hawakumchagua mtu awalindie ujira wao, wala hawakuulizwa kama wanataka bwawa la kuogelea.

Ninapotafuta kipimo cha jambo hili nakwenda kwa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Aliposhuka mtini alisema mambo mawili, na aliyasema mbalimbali: nusu ya mali yake atawapa maskini, na ikiwa amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, atamrudishia mara nne. Hakusema kwamba ile nusu inatosha kufuta alichonyang'anya. Maskini wanapewa, aliyedhulumiwa anarudishiwa, na aliyedhulumiwa ana jina na anwani. Waislamu nao wana utaratibu wa jinsi hiyo, kwa sababu zaka ni fungu la lazima lenye kiwango chake, 2.5 kwa mia ya mali iliyotimiza nisabu, yaani kiwango cha chini kinacholazimu zaka, na kukaa mwaka, na sadaka ni ukarimu wa mtu baada ya hapo.

Kwa hiyo, dada, nitasema mazuri ya Carnegie bila kumung'unya maneno. Mwaka 1901 aliuza kampuni yake kwa kundi la mwenye benki J. P. Morgan kwa dola milioni 480, na hadi alipofariki mwaka 1919 alikuwa ametoa takribani dola milioni 350, wakati matajiri wenzake wengi walikuwa wanajenga makasri na kuwaozesha watoto wao kwa watoto wa mabwana wa Ulaya. Alitaka hata serikali itoze kodi nzito urithi wa matajiri. Hayo ni makubwa. Ila hayajibu swali la baba yako. Mshahara ni haki ya aliyefanya kazi, zawadi ni hiari ya aliye nacho, na hiari haifuti haki. Mzee aliona kwa sentensi moja kile ambacho sisi tuliandika kurasa mbili bila kukigusa.

*Mwalimu, nina depo ya unga wa mahindi huko Kampemba na wafanyakazi wanne. Mwaka jana nilitoa fedha za vyombo vya muziki vya kwaya yetu, watu wakasimama wakapiga makofi. Wakati huo nilikuwa na deni la miezi miwili kwa wabebaji wangu. Sikuliona kuwa ni vibaya mpaka niliposoma habari za Carnegie. Pia ndugu wanakuja kila asubuhi kuomba. Nitoe vipi? — Mama wa depo*

Mama, barua yako imenigusa kuliko zote, kwa sababu hukulazimishwa kuiandika. Nimewahi kusimama katika depo kama yako saa 12 asubuhi, wakati lori linaposhusha. Kijana anainamisha shingo, anawekewa mfuko wa kilo 25, kisha wa pili juu yake, anakwenda karibu kama anakimbia ili asisikie uzito, na anaporudi kuchukua mingine, nyusi na kope zake ni nyeupe kwa unga kama za mzee. Unga huo anaukung'uta mlangoni. Jioni anapita dukani kwa jirani na kuomba kopo moja la unga kwa deni, yeye aliyebeba tani nzima tangu asubuhi.

Lipa hiyo miezi miwili kabla ya kitu kingine chochote, na ukilipa usiwaambie kwamba unawasaidia. Kama huwezi kulipa yote kwa mara moja, wakalishe, waonyeshe daftari, mpatane tarehe, na tarehe hiyo uiheshimu kama unavyoiheshimu ya mwenye lori. Vyombo vya kwaya usivijutie, watu wanamwimbia Mungu kwavyo.

Kuhusu ndugu wa asubuhi, hapo Carnegie angekujibu kwa ukali. Aliandika habari za mtu mmoja aliyempa ombaomba sarafu barabarani ili kujiondolea usumbufu tu, akamlaumu kwamba alikuwa anajifurahisha nafsi yake wala hakumfaa mwombaji. Mimi simfuati mpaka mwisho. Yeye alikuwa anawazungumzia wageni wa barabarani, na anayekaa kibarazani kwako asubuhi ni mtoto wa shangazi yako, ambaye huenda baba yake ndiye aliyekulipia minervali, yaani karo, ya kidato cha tatu. Hilo ni deni pia, hata kama halikuandikwa popote. Lakini kuna jambo moja katika fikra zake ambalo ningelichukua: alipenda kuwapa watu kitu kitakachowawezesha kusimama wenyewe. Tenga kila mwezi fungu la ndugu, ulijue ukubwa wake, liwe la karo, la dawa na la mtaji mdogo, na likiisha, liwe limeisha mpaka mwezi ujao. Fungu la ndugu lisitoke katika sanduku la mauzo, maana humo ndimo ulimokuwa mshahara wa wabebaji.

Kuna karatasi moja ya Carnegie ambayo ningependa uijue. Desemba 1868, akiwa na miaka 33, alijiandikia mwenyewe hotelini New York kwamba mapato yake yamefikia dola 50,000 kwa mwaka, kwamba hatatafuta zaidi ya hapo, kwamba baada ya miaka miwili ataacha biashara akasome, na kwamba kukusanya mali ni mojawapo ya aina mbaya kabisa za kuabudu sanamu. Aliacha biashara miaka 32 baada ya siku ile. Ndiyo maana nakuomba umalize hilo deni juma hili, wakati barua yako bado inakuuma.

*Mwalimu, kampuni ya madini karibu na kwetu ilijenga vyumba vitatu vya shule, wakaja na wapiga picha, wakatuambia tushukuru kwa msaada. Leo hakuna madawati wala chaki. Je, huo ni msaada wa aina ya Carnegie? — Mzazi, Ruashi*

Ndugu mzazi, hapana, na huenda si msaada hata kidogo. Sheria ya madini ya nchi yetu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inamlazimu mwenye kibali cha uchimbaji kutenga angalau 0.3 kwa mia ya mapato yake ya mauzo kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na kuweka pamoja nao daftari la majukumu, linaloitwa kwa Kifaransa *cahier des charges*, lenye kuandikwa nini kitajengwa na lini. Zaidi ya hapo kuna mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini inayochimba, ambao 15 kwa mia yake ni fungu la komuni, sekta au usultani ambako madini yanachimbwa. Kama vyumba vyenu vitatu vimo katika daftari hilo, kampuni imetimiza wajibu, na mwenye wajibu hushukuriwa kwa adabu bila kupigiwa magoti. Nendeni wazazi watano au sita mkaombe kuona daftari, na mwulize pia fungu la mrabaha lilikwenda wapi, kwa sababu swali hilo linaihusu komuni yenyewe na wala si kampuni peke yake.

Kuhusu madawati na chaki, Carnegie alikuwa mwangalifu sana. Alilipia majengo ya maktaba zaidi ya 2,500 duniani, na kwa kawaida hakutoa hata senti mpaka mji wenyewe utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka 10 kwa mia ya zawadi yake kwa ajili ya matunzo. Mji uliopewa dola 10,000 ulijifunga kutoa 1,000 kila mwaka, za mkutubi, makaa ya kupasha moto na vitabu vipya. Wengine walimlaumu kwa ugumu huo, na miji kadhaa ilikataa fedha zake, mingine kwa sababu ya Homestead. Mimi katika hili namuunga mkono kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa Katuba kwenye uzinduzi wa chumba cha kusomea kilichotolewa na mfadhili mmoja. Kulikuwa na utepe, soda, na rafu tatu za vitabu vya Kifaransa vilivyonukia gundi. Ufunguo alipewa mtu mmoja. Nilipopita tena baada ya misimu miwili ya mvua, mwenye ufunguo alikuwa amehamia Kolwezi, tukachungulia dirishani na kuona njia za mchwa zimepanda ukutani mpaka rafu ya pili. Kijana mmoja alivunja kufuli mbele ya macho yetu. Nilivuta kamusi, ikatoka jalada tu, na ndani yake udongo.

Vijana wa mtaa walichoma vilivyoharibika, wakaokoa vingine, wakapaka miguu ya rafu oili chafu kutoka gereji, na sasa kila nyumba iliyo tayari inatoa franka chache kwa mwezi za dawa ya mchwa na balbu. Funguo ni mbili, mmoja uko kwa mlinzi wa shule, na wa pili anao mama anayekaanga mandazi ng'ambo ya barabara, ambaye kila Jumamosi asubuhi huacha mbabula yake, lile jiko la mkaa, kwa binti yake dakika tano, akavuka kwenda kufungua.